Siku Mama Mkwe Alipopona kwa Saa Moja

Barua zenu nimezisoma. Mmoja ameniita shetani. Wawili wameniambia niende hekaluni nikasujudu mara mia na nane. Na mama mmoja wa Yeongju ameniandikia kurasa nne kunieleza jinsi alivyomtunza mama mkwe wake kwa miaka kumi na mmoja bila kupandisha sauti hata siku moja. Huyo simjibu. Mwongo mwenzangu namtambua kwa harufu.

Kwa wale ambao hawakunisoma wiki iliyopita, nawafupishia. Mimi ni mama Gaeul, wa Andong, mke wa mtoto wa kiume wa kwanza. Kwetu mke wa mtoto wa kwanza anarithi makaburi, matambiko na wazee. Mama mkwe wangu ana miaka themanini na mbili, na akili yake imekuwa ikimtoka kidogo kidogo kwa miaka mitano. Nina stashahada ya lishe. Nilikuwa napanga chakula cha watoto mia sita katika shule ya msingi. Niliacha kazi ile ili nimlishe mtu mmoja ambaye anatema.

Mwezi uliopita wazee wa mtaa walinipa kibao cha mbao chenye herufi za dhahabu: Mkwe Mwema wa Mwaka. Walikula, wakapiga picha, wakafungasha kilichobaki, wakaenda zao. Siku tatu baadaye nilijikuta nimesimama nyuma ya mama mkwe kwenye ukingo wa baraza, penye ngazi za mawe, mikono yangu imenyooka mbele. Hadi leo sijui mikono ile ilitaka kumshika au kumsukuma.

Aliketi mwenyewe, kwa taarifa yenu. Mimi nikaingia jikoni, nikapiga simu ofisi ya bima ya matunzo, nikaomba mkaguzi.

Mzee hapewi msaada kwa sababu mkwe wake amechoka. Anapewa akipata daraja, yaani kiwango cha ugonjwa. Mkaguzi anakuja nyumbani, anamuuliza maswali, anajaza fomu, kamati inakaa. Daraja likitoka, basi dogo la kituo cha wazee linapita saa mbili na nusu asubuhi kumchukua, linamrudisha jioni. Saa nane kwa siku. Sikuwa naomba kitu kingine duniani. Saa nane za kutokuwa karibu na ngazi zile pamoja naye.

Mkaguzi alipangwa kuja Alhamisi, saa nne asubuhi.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Kila wiki nawacheka wengine, leo ni zamu yangu.

Alhamisi niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikasafisha nyumba.

Mtu mwenye akili angeiacha kama ilivyo. Angemwacha mkaguzi akanyage, anuse, aone. Lakini mgeni anakuja! Mgeni wa ofisi! Mama yangu mzazi alinilea nikijua kwamba nyumba chafu mbele ya mgeni ni aibu ya ukoo mzima, na mafunzo hayo yameniingia kwenye mifupa kuliko stashahada.

Basi nikasugua. Nikabandua karatasi zote nilizobandika milangoni: CHOO NI HAPA. HAPA SI CHOO. USIWASHE. Nikatoa kufuli la gesi. Nikapeleka marobota ya nepi stoo. Nikafungua madirisha yote, harufu ikatoka. Nikamwogesha Mama, nikamkata kucha. Nikamenya peasi, nikazipanga kwenye sahani kama maua.

Ushahidi wa miaka mitano niliufuta kwa sabuni, kwa mikono yangu mwenyewe, kabla ya saa tatu.

Saa tatu na nusu gari jeupe likasimama mlangoni. Wifi yangu Eun-ok. Sikumwita.

Eun-ok ni dada mkubwa wa mume wangu. Anakaa Daegu, mwendo wa saa moja na nusu, na huja kwetu mara mbili kwa mwaka. Kila akija anamkuta Mama ana nafuu. Bila shaka. Mtu anayekaa saa mbili anakuta kila kitu kina nafuu.

"Wifi, umekonda!" akaniambia akivua viatu. "Wenzio wanalipa hela kukonda hivyo."

"Nani kakwambia uje leo?"

"Mdogo wangu. Kwani ndugu hawaambiani?" Mkononi alikuwa na vazi la hariri la zambarau, lile la sherehe, na mkoba wa vipodozi. "Mama yuko wapi? Mama! Binti yako amekuja!"

"Unataka kumvalisha hilo?"

"Sasa apokee wageni na suruali ya kulalia?"

"Wifi, mkaguzi anatakiwa amwone alivyo."

"Alivyo ni huyu huyu. Mama yangu si kichaa."

"Nani kasema kichaa?"

"Hiyo fomu yako ndiyo inasema." Akashusha sauti, akanivuta hadi karibu na makabati. "Tusizungushane. So-dam wangu anaolewa mwezi ujao. Baba mkwe daktari, mama mkwe daktari. Watu kama hao wakisikia bibi ya bibi harusi ana karatasi ya serikali ya ugonjwa wa kusahau, wataanza kuulizana kama uko kwenye damu. Ngoja harusi ipite, ndipo uwaite wakaguzi wako, hata kumi."

"Nimengoja miaka mitano."

"Basi. Mwezi mmoja utakuua?"

Nilitaka kumwambia kwamba atakayekufa huenda si mimi.

Nikampigia mume wangu, Gilseop, aliyeniapia usiku kwamba ameomba ruhusa kazini.

"Uko wapi?"

"Kumetokea kikao."

"Baba Gaeul, uliniahidi."

"Si dada yupo? Dada anamjua Mama vizuri."

"Dada yako anamjua Mama wa miaka kumi iliyopita."

"Usianze, mama Gaeul. Usianze." Akakata.

Gilseop ana kikao tangu mwaka tulipooana. Siku ya kujifungua Gaeul alikuwa na kikao. Siku ya kuzikwa baba yangu alikuwa na kikao. Nikifa mimi, naomba mumwandikie barua ya kumkumbusha tarehe.

Saa nne kamili mkaguzi akabisha. Mwanamke wa makamo, viatu vya raba, tableti kwapani. Alijitaja kuwa ni Bi Maeng. Macho yake yalizunguka sebule yangu inayong'aa, yakatua kwenye kibao cha dhahabu ukutani.

"Hongera," akasema.

"Ahsante," nikajibu. Ungeniuliza ningekipasua kiwe kuni.

Ndipo Mama akatoka chumbani.

Alitoka mwenyewe, amenyooka, hariri ya zambarau, nywele zimebanwa, rangi ya midomo. Akamtazama Bi Maeng, akatabasamu.

"Karibu, mwanangu. Umetoka mbali na baridi hii? Njoo ukae huku, huku sakafu ina joto zaidi. Mletee mgeni kitu cha kunywa," akaniambia mimi.

Sentensi ndefu hivyo sikuwa nimeisikia tangu kiangazi. Jana yake jioni aliniita mwizi, akanirushia kijiko usoni.

Wifi Eun-ok alikaa pembeni ya mama yake kama mwalimu aliyempeleka mwanafunzi bora kwenye mashindano.

"Bibi, naomba nikuulize machache," akasema Bi Maeng. "Leo ni tarehe ngapi?"

"Hee! Na uso wote huo mzuri umekuja mpaka kwangu kuuliza tarehe? Ofisini kwenu hamna kalenda?"

Bi Maeng akacheka. Wifi akacheka hadi akashika tumbo. Mimi sikucheka.

"Haya, basi niambie tuko msimu gani."

Mama akatazama huku, akatazama kule, akaiona sahani. "Si msimu wa peasi?"

Peasi zangu! Nilimpa jibu kwenye sahani, tena nimelimenya.

"Asubuhi umekula nini, Bibi?"

"Supu ya figili na samaki wa chumvi. Nimepika mwenyewe." Akaninyooshea kidole. "Huyu hata moto hajui kuwasha. Tunamvumilia tu."

Mtaalamu wa lishe, watoto mia sita. Asubuhi ile alikula uji wa wali, kijiko kwa kijiko, dakika hamsini, nusu yake ikaishia kwenye aproni yangu.

"Unaweza kusimama bila kushikwa?" Akasimama. "Unyooshe mikono juu?" Akainyoosha. "Unaweza kujifunga nguo?" Akaufungua utepe wa vazi lake la hariri, akaufunga tena kwa mkunjo mmoja safi ambao Gaeul wangu, na chuo kikuu chake, hauwezi.

Kila alichoulizwa alikiweza. Kila mara kidole cha Bi Maeng kilipogusa tableti, nililiona lile basi dogo likigeuza njia na kwenda kumchukua mzee wa mtu mwingine.

Halafu akanigeukia. "Na wewe, mama Gaeul, unaonaje? Shida hasa ni ipi?"

Nikaanza. Anatoka nje hajui kurudi, nimeshamtafuta mara kumi na moja. Anaficha nguo chafu kwenye vyakula. Ananing'ata nikimbadilisha. Na kadiri nilivyosema, ndivyo nilivyosikika mwongo, maana pale mbele yetu alikuwa amekaa malkia mzima anamsukumia mgeni sahani ya matunda.

"Jamani, wifi!" Eun-ok akaingilia kwa sauti ya huruma, ile ya kukupaka mafuta kabla ya kukukaanga. "Mama anasahau kidogo, kama wazee wote. Mheshimiwa, unajua tena, wifi yangu yuko kwenye ule umri wetu. Joto linapanda, usingizi unapotea, kitu kidogo kinaonekana mlima. Ni kumwonea huruma tu."

"Unalala saa ngapi kwa siku?" Bi Maeng akaniuliza mimi.

"Hilo liko kwenye fomu?"

"Haliko."

"Basi tusipoteze muda."

Akanitazama kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza. Kisha akaanza kufunga jalada la tableti. "Kamati itaangalia pia maelezo ya daktari. Ila kwa niliyoyaona leo..."

Wifi alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Nina video," nikasema.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyenishauri tangu kiangazi: mrekodi, siku ya ukaguzi wazee hupona. Nilikuwa nazo ishirini na tatu kwenye simu.

"Kwa nini hukusema tangu mwanzo?" akauliza Bi Maeng.

Swali zuri. Nawajibu ninyi, maana yeye sikumjibu. Sikusema kwa sababu katika zote ishirini na tatu nimo. Uso hauonekani. Sauti inasikika. Niliwahi kuzisikiliza nne mfululizo, nikaifungia simu kwenye droo ya vijiko kwa wiki nzima. Kuonyesha ugonjwa wa Mama ni kuonyesha pia jinsi mwenye kibao cha dhahabu anavyozungumza wageni wakiondoka.

"Video gani?" Eun-ok akaruka. "Unampiga mama yangu picha? Akiwa uchi? Weka chini hiyo simu!"

"Wifi, kaa."

"Nimesema weka chini!"

Akanyoosha mkono kunipora. Nikaugeuzia mgongo, nikagusa kioo, nikampa Bi Maeng.

Jikoni kwangu, saa nane mchana, mwanga mzuri kabisa. Mama ameinamia jokofu la kimchi, tunamohifadhi kabichi zetu za pilipili za msimu mzima. Mkononi ana nguo zake za ndani, chafu, na anazipenyeza moja moja kati ya kabichi kwa utulivu mkubwa, kama anayepanga mashuka kabatini.

Halafu ile sauti.

"We mwanamke! Mikono yako ya mbao hiyo? Ulilelewa na mbwa? Kula unajua, kazi hujui! Toka mbele yangu kabla sijakuonyesha!"

Ukafuata mlio, paa! Nilipiga meza kwa upawa. Kwenye video meza haionekani, anaonekana Mama akijikunyata na kufunika kichwa. Siku ile ilikuwa meza.

Video ikaisha.

"Huyo ni wewe?" Eun-ok akauliza polepole.

Nikafungua mdomo nijibu. Mama akaniwahi.

Alikuwa ameisogelea simu mpaka pua inakaribia kioo, uso umemchangamka kama aliyekutana na rafiki wa zamani. "Huyo ni mimi," akasema.

"Nani, Bibi?" akauliza Bi Maeng.

"Mimi. Sauti yangu siijui? Namfunza mke wa Gilseop. Kaja juzi tu, hata kuosha mchele hajui. Wa namna hiyo usipomkemea mapema, atakukalia kichwani."

Nikahisi masikio yanawaka.

Maana maneno yalikuwa yake kweli. Mikono ya mbao, mbwa, kula unajua kazi hujui. Neno kwa neno. Niliambiwa mimi, jiko lile lile, miaka ishirini na minane iliyopita, nikiwa na mimba ya Gaeul na bakuli la mchele mikononi. Na upawa ulikuwa huo huo, haukupiga meza. Miaka yote nilidhani angalau ubaya wangu ni wangu mwenyewe. Kumbe hata huo nimerithishwa pamoja na makaburi.

Bi Maeng alifungua tena tableti, taratibu.

"Bibi, na huyo mke wa Gilseop, sasa hivi yuko wapi?"

Mama akatazama sebule nzima. Macho yake yakanipita. "Karudi kwao. Alilia sana. Mtoto yule."

"Na huyu aliyekaa hapa?"

"Huyu?" Akanikagua kuanzia nywele hadi soksi. "Si umekuja naye wewe?"

Kidole cha Bi Maeng kikaanza kukimbia juu ya kioo. Sikuwahi kuona mtu akiandika kwa kasi vile, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile nikaliona basi dogo likigeuza kurudi kwetu.

Lakini Eun-ok alikuwa amesimama.

"Andika!" akapiga kelele. "Andika anamtukana! Andika anampiga! Hivi ndivyo mama yangu anavyoishi? Na mtaa mzima unampa vibao! Muuaji mkubwa we!"

"Dada, tuliza sauti," Bi Maeng akasema.

"Situlizi! Mama hakai humu hata siku moja zaidi. Namchukua. Leo hii, sasa hivi!"

"Unampeleka wapi?"

"Kwangu! Mimi si binti yake?"

"Niandike hivyo? Kwamba kuanzia leo anakaa kwa binti yake, Daegu?"

Hapo nikaona kitu kinapita usoni kwa wifi. Nadhani alikuwa amewaona madaktari wawili wamekaa sebuleni kwake, na Mama anatoka chooni na kinyesi mkononi. Lakini maneno yalishatoka, tena mbele ya serikali.

"Andika," akasema.

"Ngoja nikufungashie," nikasema mimi.

Dakika saba. Mizigo ile nilishaifungasha kichwani kila siku kwa miaka mitatu. Nepi marobota mawili, dawa za asubuhi, dawa za jioni, uji wa paketi, shuka la plastiki, glavu.

"Wifi, hebu kwanza," Eun-ok akaninong'oneza akiona marobota yanaingia kwenye buti la gari lake. "Wiki ijayo wakwe wanaleta sanduku la zawadi. Nilikuwa nasema labda nimchukue baada ya..."

"Waambie anasahau kidogo, kama wazee wote."

Akanitazama kwa chuki safi kabisa, isiyo na heshima wala uwifi ndani yake. Nikamtazama vile vile. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuzungumza ukweli.

Bi Maeng alinisubiri mlangoni wakati wa kuvaa viatu.

"Nitaieleza video yote kwenye ripoti," akasema. "Na sauti pia. Unaelewa? Watu wa ulinzi wa wazee watakupigia simu."

"Wanipigie."

"Na hii ni namba ya kikundi cha wanaotunza wagonjwa. Wanakutana Jumanne, zahanati."

"Mimi si mgonjwa."

"Sijasema."

"Wanakutana wafanye nini? Waimbe?"

"Wengi wanakuja kulala," akasema. "Tuna magodoro."

Nikaipokea ile karatasi, nikaitia mfukoni, nikajifanya nafunga lango.

Mama alipanda gari bila kuulizwa. Alikaa kiti cha nyuma, hariri imetandazwa vizuri, akanipungia mkono kama mke wa waziri anayeondoka kwenye ufunguzi wa soko. Gari likakata kona.

Najua mnachosubiri. Mnasubiri niwaambie nililia. Sikulia. Nilirudi ndani nikala peasi zote kwa mkono, nimesimama, maji yanatiririka hadi kwenye viwiko. Kisha nikajilaza sakafuni mbele ya jokofu, mlango wa mbele wazi, kitu ambacho sikuwa nimefanya kwa miaka mitano, na nikalala kama jiwe.

Simu ndiyo iliyoniamsha. Saa saba kasoro dakika chache. Eun-ok.

"Wifi," akasema. Nyuma yake nilisikia muziki wa spika kubwa na magari mengi. "Wifi, Mama amerudi huko?"

"Atarudi huku na nini?"

"Tulisimama kituo cha mapumziko, hapa barabara kuu. Nikashuka kuchukua kahawa. Dakika tatu, wifi, naapa, dakika tatu!"

Nikakaa.

"Ulifunga milango?"

"Nilifunga! Kumbe anajua kufungua kwa ndani. Nani angejua?"

Mimi nilijua. Hakuniuliza.

"Nimeingia vyoo vyote," akaendelea, sauti inapanda. "Nimetangaza kwenye spika. Hawamwoni. Kuna muuza mahindi anasema amemwona bibi wa zambarau anatembea. Wifi, nimekiona kiatu chake. Kimoja. Kiko kule mwisho, magari yanakotokea kuingia barabarani."

"Umewaita polisi?"

"Wanakuja, wanasema dakika ishirini. Wifi, anaelekea wapi? Wewe unamjua. Huwa anaelekea wapi?"

Nilikuwa nalijua jibu. Mara kumi na moja nimemtafuta, na mara kumi na moja nimemkuta upande ule ule. Mama akipotea hupinda kushoto, kila mara, na hushuka, hapandi kamwe. Akiona mtaro au daraja huingia chini yake na kukaa kimya, hata ukimwita kwa jina haitiki. Ni maneno machache. Hayachukui hata dakika.

Nikavuta pumzi niyaseme.

Na hapo, nitawaambia kwa sababu nilijiapia kuwaambia yote, mabega yangu yakashuka. Nilihisi kabisa yakishuka, kama mtu aliyetua ndoo mbili kwa mpigo. Na moyoni mwangu likapita jambo moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, bila hasira: safari hii si mimi.

"Wifi?" Eun-ok alikuwa analia sasa, na nyuma yake lori likapiga honi ndefu. "Wifi, upo?"

Nilikuwepo. Simu sikioni, mdomo wazi, na neno "kushoto" liko kwenye ncha ya ulimi. Sekunde zikawa zinapita, na mimi nazisikiliza zinavyopita.